Maziwa yamejaa dukani, mbona krimu hakuna?

Miaka hii Ramadhani ikiingia kumi la mwisho simu yangu haipumziki, na si wateja wa keki peke yao, ni mashoga zangu wa kazi hii hii ya kuoka tunaulizana hapa Mombasa kuanzia Bondeni mpaka Bamburi, shoga una krimu, unajua iko wapi, hata pakiti mbili tu niokoe. Kinachouma zaidi ni kwamba ukiingia supamaketi friji la maziwa limejaa pomoni, maziwa ya pakiti, ya chupa, mala, yogati za kila rangi, halafu ile shelfu ndogo ya krimu kavuu, kimebaki kikaratasi cha bei peke yake. Mwaka huu mteja mmoja akaniambia kwa hasira kabisa, kwani krimu si inatoka kwa maziwa haya haya? Sasa maziwa yako, krimu imekwenda wapi? Nilimjibu haraka haraka manake nilikuwa na oda mkononi, lakini swali lake ni la maana na jibu lake ni refu, ndo nimekaa leo niliandike lote.

Tuanze na kitu chenyewe. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe yana mafuta ndani, vitone vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoelea kwenye maji ya maziwa. Friesian, yule ng'ombe wa mabaka meusi na meupe, maziwa yake yana mafuta kama asilimia 3.5 mpaka 4, Jersey anafika kama 5, na zebu wetu wa kienyeji japo anatoa maziwa kidogo mafuta yake mara nyingi yanafika 5 na zaidi, na nyati wa maziwa wa kule India anakwenda 7 mpaka 8. Ukiyaacha maziwa mabichi kwenye sufuria usiku kucha, yale mafuta kwa kuwa ni mepesi yanapanda juu, na ule utando mzito wa juu ndo krimu. Kiwandani hawangoji usiku kucha, wana mashine inaitwa separeta ambayo inayazungusha maziwa kwa kasi sana mpaka yale mazito yanakimbilia nje na krimu inabaki katikati, na mashine hiyo ilitengenezwa na Gustaf de Laval kule Uswidi mwaka 1878 na mpaka leo kazi ni ile ile, zimekuwa kubwa tu.

Krimu ya kupikia ina mafuta kama asilimia 20. Ile tunayoitaka sisi wa keki, ya kupiga mpaka isimame, lazima iwe 30 kwenda juu, na nzuri ni ya 35. Chini ya hapo utapiga mpaka mkono uume na itabaki uji.

Hapa nisimame kidogo manake kuna jambo linawachanganya watu wengi wa hapa kwetu, nalo ni malai. Malai ya sufuria ya nyumbani, ile unayoikunja kwa kijiko ukaila na mkate wa mofa au chapati na sukari, si krimu hasa. Maziwa yakichemka protini inaganda juu na inashika mafuta pamoja nayo, kwa hiyo malai ni mchanganyiko, ndo maana huwezi kuipiga ikasimama kwa keki hata ukusanye bakuli zima. Na lile lalamiko la kina mama kwamba maziwa ya pakiti hayatoi malai kama ya zamani kwa hivyo yametiwa maji, jamani mara nyingi si maji. Maziwa mengi ya pakiti yamepitishwa kwenye mashine inayoyasukuma kwa presha kali kwenye tundu jembamba sana mpaka vile vitone vya mafuta vinavunjika vikawa vidogo mno, na vikishakuwa vidogo hivyo havina nguvu ya kupanda juu. Mafuta yamo humo humo ndani ila yametawanyika. Hii pia ndo sababu huwezi kununua pakiti ishirini za maziwa ukaziacha kwa friji ukategemea kuvuna krimu, nimeulizwa hilo si mara moja, na jibu ni kwamba hutapata kitu.

Sasa hesabu. Ukitaka lita moja ya krimu ya asilimia 35 kutoka kwa maziwa ya asilimia 3.5 unahitaji lita 10 za maziwa, na lazima uyatoe mafuta YOTE, usibakishe. Zinabaki lita 9 za maziwa mepesi yasiyo na mafuta. Haya, hizo lita 9 utamuuzia nani?

Shida yote ya krimu iko hapo, hayo mengine ni vitawi tu. Krimu haizalishwi peke yake, huwezi kumwambia ng'ombe atoe krimu. Krimu ni kile kinachobaki upande mmoja mtu mwingine anapokubali kununua maziwa mepesi upande wa pili. Ulaya na Marekani miaka ya 80 na 90 watu waliambiwa mafuta ni sumu ya moyo, wakahamia maziwa mepesi kwa mamilioni, na kila aliyekunywa maziwa mepesi alikuwa anaacha krimu yake nyuma kiwandani bila kujua, ndo krimu ikawa rahisi. Na Ulaya siagi ilikuwa imeshajaa maghalani tangu miaka ya 70, manake serikali zilikuwa zinainunua kwa bei ya kuahidiwa, mpaka ikawa inaitwa mlima wa siagi, na mwaka 1984 wakaweka kipimo cha mwisho cha maziwa ambayo kila nchi inaruhusiwa kuzalisha. Sasa niambie wewe, hapa Mombasa nani anakunywa maziwa mepesi? Chai yetu bila mafuta ya maziwa mtu anaisukuma kikombe anakwambia hii ni maji ya kuoshea vyombo. Bara hali ni hiyo hiyo, Kisumu hivyo hivyo, Kampala vilevile. Eneo zima la Afrika Mashariki linakunywa maziwa na mafuta yake ndani, na hilo ni jambo zuri kwa afya ya watoto sikatai, lakini maana yake ni kwamba krimu yetu imeshanyweka ndani ya chai kabla hata haijaitwa krimu.

Kwa hiyo kiwanda kinapata wapi hiyo kidogo kinayotuuzia? Wanapunguza kidogo tu. Maziwa yanafika na mafuta asilimia 4 tuseme, pakiti inauzwa ikiwa na asilimia 3 na nukta, ile tofauti inatolewa. Nimekaa nikapiga hesabu, kwa kila lita 1,000 ukiyashusha kutoka 4 mpaka 3.3 unapata krimu kama kilo 22 hivi. Ishirini na mbili kwa elfu! Na hizo kilo 22 zinagombaniwa, kuna wa siagi, kuna wa samli, kuna wa aiskrimu, kuna yogati nzito, halafu mwisho kabisa ndo sisi wa pakiti ndogo ya krimu. Siagi inakaa miezi kwa friza na samli inakaa hata bila friza, krimu mbichi inakaa wiki mbili kama umebahatika. Ungekuwa wewe ndo mwenye kiwanda ungechagua gani? Mimi siwalaumu hapo.

Ajabu yenyewe ni kwamba viwanda vya nchi hii vilianza na krimu kabla ya maziwa. Lile jina KCC la kampuni ya maziwa tunalolitaja kila siku, kirefu chake ni Kenya Co-operative Creameries, herufi ya mwisho si ya maziwa, ni ya viwanda vya krimu, ndo maana ya Creameries. Ilianzishwa 1925 na walowezi wa kizungu kule bara. Wakati ule kusafirisha maziwa kutoka shambani ilikuwa balaa, yanaharibika na ni mzigo mkubwa, kwa hiyo mlowezi alikuwa na separeta yake hapo hapo shambani, anatoa krimu, anaitia kwenye mkebe, inapanda treni mpaka kiwandani inakuwa siagi, siagi inashuka mpaka hapa Kilindini inapanda meli kwenda Uingereza. Maziwa mepesi wanapewa nguruwe na ndama. Hesabu ya lita 9 walikuwa wameishaimaliza, mteja wa maziwa mepesi alikuwa nguruwe.

Halafu mambo yakageuka polepole. Miji ikakua, Mwafrika akaruhusiwa kufuga ng'ombe wa gredi, wale wa kisasa wa maziwa mengi, hasa baada ya mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni ulioitwa wa Swynnerton wa 1954, mkulima mdogo wa Kiambu na Nyeri akawa ndo mwenye maziwa, na mkulima huyo na jirani zake walitaka kunywa maziwa, si kuuza siagi London. Mwaka 1979 yakaja maziwa ya Nyayo, waliosoma wakati ule wanakumbuka ile pakiti ya pembe tatu, serikali ikawa inanunua maziwa mazima kwa wingi ya watoto wa shule nchi nzima. Kisha 1992 soko likafunguliwa, KCC haikuwa tena peke yake mjini, ikayumba mpaka ikauzwa na baadaye 2003 ikafufuliwa kama New KCC, na katikati hapo kampuni binafsi zikaota na wauza maziwa mabichi wakajaa kila mtaa. Leo Kenya inazalisha maziwa kama lita bilioni 5 kwa mwaka na zaidi ya nusu ya yanayouzwa hayapiti kiwandani kabisa, yanatoka kwa ng'ombe yanakwenda kwa jirani, kwa hoteli ya chai, kwa wauza maziwa wa mtaani. Separeta haiyaoni. Yaani unaweza kuwa na bahari ya maziwa na krimu ikawa kikombe.

Kitu kingine ambacho mimi naona ndo kiini cha mambo na hakisemwi, ni malipo ya mkulima. Kwetu mkulima analipwa kwa lita au kwa kilo. Mwaka 2024 serikali ilipotangaza New KCC ilipe shilingi 50, ilikuwa 50 kwa lita, haikuwa kwa mafuta. Akifika kituoni wanatia laktometa, kile kipimo cha kuelea, kuangalia kama kuna maji, wanatia spiriti kuangalia kama yanataka kuharibika, basi, anaandikiwa kilo zake. Na laktometa yenyewe inapima uzito wa maziwa tu, ukiyatoa krimu yanakuwa mazito zaidi kwa kuwa mafuta ndo mepesi, ukitia maji yanakuwa mepesi, kwa hiyo mjanja akifanya yote mawili kwa pamoja kipimo kinarudi pale pale kinasoma sawa. New Zealand, Uholanzi, hata India kwenye ule ushirika wa Amul kule Anand ulioanza 1946, mfugaji analipwa kwa mafuta na yabisi iliyomo ndani, yaani kile kisicho maji, ananawiri kwa unono wa maziwa yake. Sisi tunalipa lita, basi mkulima naye kwa akili zake timamu ananunua Friesian mwenye lita nyingi na mafuta kidogo, nani atafuga Jersey ili amfurahishe mpika keki wa Mombasa?

Na huku pwani jambo hili linatuumiza mara mbili. Friesian hapa anateseka, joto linamkatisha hamu ya kula, kuna mbung'o, kuna ndigana kali ya kupe ambayo hata jina lake la kimataifa, East Coast fever, limechukua jina la pwani yetu ya mashariki manake ilifika kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1900 na ng'ombe waliotoka pande hizi. Ng'ombe anayevumilia Kaloleni, Kwale na Kilifi ni zebu na machotara wa Sahiwal, lita zake chache lakini maziwa mazito yenye mafuta mazuri. Wafugaji hao hao wakipeleka maziwa yao wanalipwa kwa lita sawa na yule wa Friesian, kwa hiyo ile faida pekee aliyopewa na Mungu haionekani kwenye malipo. Mimi wallahi nikipata mtu wa Kilifi ananiletea maziwa mabichi ya zebu asubuhi nalipa zaidi bila kuombwa, na nikiyatuliza kwenye friji ile krimu inayopanda juu ni ya rangi ya manjano kwa mbali na harufu yake ni ya maziwa kweli kweli. Lakini ni lita 5, lita 8, haiwezi kufanya harusi.

Kuna wanaouliza maziwa ya ngamia, manake siku hizi yanaletwa mjini kutoka Tana River na Garissa. Yale kwa chai ni mazuri sana, kwa krimu usijisumbue, vitone vyake vya mafuta ni vidogo mno na havishikani, yanakaa tu bila kupanda.

Majirani je? Uganda upande wa kusini magharibi, Mbarara na Kiruhura, wana maziwa mengi sana na watu wao ni wachache kulinganisha na maziwa hayo, kwa hiyo wamejenga viwanda vya kukausha poda na kutengeneza samli ya kuuza nje ya Afrika. Yaani wao ile hesabu ya lita 9 wameipatia mteja, ni poda na protini. Lakini mafuta yao yanaondoka yakiwa samli na siagi, si krimu ya friji, na halafu mpaka wetu na wao kila baada ya miaka miwili mitatu unakuwa na vurugu, mwaka 2023 bodi ya maziwa ya Kenya ilisimamisha vibali vya poda kutoka nje kulinda wakulima wa hapa, na poda ndo akiba ya kiangazi, ukikosa poda maziwa mabichi yanabeba kila kitu na hakuna kiwanda kitakachothubutu kuyapunguza mafuta. Tanga wako karibu nasi kuliko hata Nairobi, wana Tanga Fresh yao na maziwa mazuri, lakini Tanzania maziwa yanayopita viwandani ni sehemu ndogo sana ya yote, na wao wenyewe wanapenda mtindi, ambao nao unanyweka na mafuta yake.

Basi krimu yetu ya pakiti inatoka bara. Kiambu, Nyandarua, Nakuru, Nyeri, Meru, inashuka na lori la baridi karibu kilomita 480 kutoka Nairobi, na lori likikwama Mariakani kwa sababu ya foleni au ajali ile baridi inakuwa ni dua tu. Halafu ikifika kuna friji la duka, na umeme wetu mnaujua. Mwaka juzi nilinunua krimu dukani, duka silitaji, kwa ajili ya keki ya harusi ya Ijumaa. Inaonekana walikuwa wameigandisha kwa friza ikayeyuka umeme ulipokatika kisha ikagandishwa tena wakairudisha kwa friji kana kwamba hakuna kilichotokea. Krimu ikiganda yale mabarafu yanachana ngozi ya vile vitone vya mafuta, ukija kuipiga haisimami, inakatika inakuwa vipande vya siagi vinaelea kwa maji. Pakiti kumi na mbili nikaziangalia zinakatika moja baada ya nyingine saa nne za usiku na bibi harusi anangoja. Nililia. Ile siagi niliipikia samli baadaye lakini oda ile niliimaliza kwa krimu ya mafuta ya mimea niliyoazima kwa jirani, na nilimpigia mama wa bibi harusi nikamweleza ukweli kabla gari halijaja.

Tukija kwa hiyo krimu ya mimea, kwa maoni yangu ndo badiliko kubwa kuliko yote katika miaka hii kumi, kubwa kuliko jambo lolote la ng'ombe. Ukisoma nyuma ya boksi utaona maji, sukari, mafuta ya kokwa za mawese yaliyogandishwa kwa hidrojeni, protini kidogo ya maziwa, na vigandishi. Inakuja imeganda kutoka nje au kama poda, inakaa miezi, inaumuka mara tatu na zaidi wakati ya maziwa inaumuka mara mbili tu, na kwa joto letu la kaskazi inasimama kwenye meza ya ukumbi masaa wakati ya maziwa inaanza kutoa jasho dakika ya ishirini. Mafuta ya mawese yenyewe yanashushwa bandarini hapa hapa kutoka Malaysia na Indonesia kwa meli nzima nzima. Kwa hesabu ya biashara hakuna ushindani. Ndo maana keki nyingi za mjini zinazoitwa za krimu hazina krimu. Sisemi ni haramu kuiuza, nasema mtu aambiwe, manake ladha yake ni utamu mtupu na inabaki kama nta juu ya ulimi, na pia ile aina ya zamani iliyotiwa hidrojeni nusu ina mafuta mabaya kwa moyo ambayo shirika la afya duniani lilitaka yaondolewe kabisa, lilitoa wito huo 2018. Angalia boksi lako limeandikwaje.

Ya tatu ni ile ya boksi la karatasi inayotoka Ulaya au New Zealand, imepashwa moto mkali sana kwa sekunde chache kwa hiyo inakaa miezi bila friji mpaka uifungue. Hii inatuokoa sana lakini bei yake inapanda na kushuka kwa mambo yaliyo mbali kabisa na sisi. Maziwa na krimu vinavyotoka nje ya jumuiya yetu vinatozwa ushuru wa asilimia 60, ule wa pamoja wa Afrika Mashariki wa kumlinda mfugaji. Kisha kuna dola, mwanzoni mwa 2024 ilikaribia shilingi 160 halafu ikarudi kama 130, lakini bei ya dukani ilipopanda na dola haikushuka nayo kwa mwendo ule ule. Kisha kuna Bahari ya Shamu, tangu Novemba 2023 meli zilipoanza kushambuliwa nyingi za kutoka Ulaya zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, mzigo ambao ungeshuka kwetu moja kwa moja unazunguka bara zima kwanza.

Na juu ya yote hayo dunia imebadilisha mawazo kuhusu mafuta. Ile hofu ya miaka ya 80 imepungua, watu wa Ulaya na Marekani wamerudi kwa siagi, China nayo imeingia sokoni kwa nguvu inanunua krimu ya New Zealand kwa mikate, keki na zile chai zao zenye povu la jibini juu. Kile kipimo cha maziwa cha Ulaya cha 1984 kilipoondolewa 2015 watu walidhani mafuta yatajaa tena, badala yake mwaka 2017 siagi ikavunja rekodi ya bei, na mwaka 2025 kwenye mnada wa New Zealand ikapita dola 7,500 kwa tani. Siagi na krimu ni ndugu, mmoja akipanda mwingine anavutwa. Zamani mafuta ndo yalikuwa mabaki na protini ndo mali, kisha ikageuka, na sisi tulioko mwisho wa njia tunanunua mabaki ya wenye pesa zaidi.

Sasa nirudi kwa mteja wangu na Ramadhani, manake kuna kitu nilikigundua nilipoweka kalenda mbili kando kando na kilinifanya nikae chini. Maziwa ya bara yanafuata mvua. Masika ya Machi mpaka Mei yanaleta majani, maziwa yanafurika Aprili, Mei, Juni, viwanda vinakosa pa kuyatia, hapo ndo siagi na poda zinatengenezwa. Vuli ya Oktoba mpaka Disemba inaleta mengine. Katikati, Januari mpaka masika ianze, ni kiangazi, ng'ombe wanakula mabua, maziwa yanapungua na kila tone linakimbilia pakiti ya chai. Ramadhani nayo inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2016 na 2017 ilikuwa Juni, maziwa yamejaa, na mimi nakumbuka wakati ule hatukuwa na kilio hiki, tulikuwa tunachagua. Mwaka 2024 Idd ilikuwa Aprili 10, mwaka 2025 mwisho wa Machi, 2026 karibu Machi 20, na ikiendelea hivyo 2030 Idd inaangukia mwanzoni mwa Februari, yaani ndani kabisa ya kiangazi. Na kiangazi hicho hicho ndo msimu wa watalii, hoteli za Nyali mpaka Diani zimejaa tangu Disemba na wapishi wao wanachukua krimu kwa katoni kabla haijafika shelfu. Kwa hiyo si kwamba mtu anaficha krimu, ni kwamba siku tunayoihitaji sana imehamia kwenye wiki ambazo ng'ombe anatoa kidogo zaidi na itakaa huko miaka kadhaa, mpaka Idd irudi kwenye Disemba ya vuli huko baada ya 2030.

Nimeshaandika kwenye daftari langu la oda. Krimu za boksi naagiza Rajabu, si Ramadhani, nakaa nazo kabatini chini mbali na jiko. Krimu mbichi nachukua siku lori linaposhuka, naishika kwa mkono nihisi baridi kabla sijalipa na nikiona pakiti imefura au ina maji maji nairudisha. Keki za krimu ya maziwa kwa Idd ijayo hazizidi kumi, zinatoka asubuhi na zinaliwa mchana huo huo, na nusu ya oda hizo kumi zimeshachukuliwa. Zinazobaki ni za mimea, na nimeiandika hivyo kwenye orodha ya bei kwa herufi kubwa sawa na bei yenyewe.